Utepe Mwekundu na Dume Letu Sirari

Nikisikia nyigu akivuma karakanani, naacha kila kitu. Naweza kuwa nimelala chini ya bawa na tochi mdomoni, naweza kuwa naongea na mkubwa wa kazi. Nikimsikia yule mweusi mwenye kiuno chembamba, anayejenga kijumba chake cha udongo kwenye matundu ya watu, nainuka na kitambaa mkononi na kumfukuza mpaka nje ya mlango. Vijana ninaowafundisha hucheka wakishika mbavu. Wanasema, "Fundi Ghati haogopi injini, anaogopa mdudu!" Nawaacha wacheke. Wao habari za nyigu wamezisoma darasani. Mimi nilimtazama kwa macho yangu mawili, nikiwa na miaka kumi na mmoja, akaingia na tope lake, akatoka, akaingia tena, nami nimekaa kivulini natafuna muwa.

Kisa hiki sikuwa nakisimulia. Nilikionea aibu. Lakini kuna jambo nimelijua mwezi uliopita tu, na tangu siku hiyo nimeshindwa kukaa kimya, kwa hiyo vuta kiti unisikilize.

Nilikulia wilaya ya Serengeti, upande wa Ringwani, ambako babu yangu alihamia na ng'ombe wake kutoka Tarime. Ni nchi ya mahindi, mtama na mihogo, na kila mtu anajua idadi ya mifugo ya jirani yake ingawa haruhusiwi kuitaja. Nyuma ya mashamba yetu palikuwa na kiwanja cha ndege. Usifikirie lami wala mnara! Ulikuwa ukanda wa nyasi na changarawe, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, na juu ya mti mrefu mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakoelekea. Basi. Mlinzi wa kiwanja hicho alikuwa baba yangu, Mwita, ambaye nyumbani tulimwita tata, kama Wakurya tunavyowaita baba zetu.

Kazi ya tata ilikuwa kufyeka nyasi, kufukia mashimo na kufukuza mifugo ndege ikikaribia. Mshahara wake ndio uliotuvalisha sare za shule, mimi na wadogo zangu, na hilo sote tulilijua. Lakini mimi nilichokipenda hasa ilikuwa ile ishara yake. Njia ikiwa si salama, alisimama katikati ya kiwanja, mbali, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuipishanisha. Rubani akiiona hiyo, hata kama magurudumu yamebakiza kidogo kugusa ardhi, alipandisha ndege juu tena ikazunguka na kunguruma. Jamani, fikiria! Baba yangu, na kaptura yake iliyotoboka, anaizuia ndege kwa mikono mitupu. Niliifanyia mazoezi ishara ile mbele ya mbuzi, mbele ya kuku, na siku moja nikamfanyia mwenye bodaboda aliyekuwa anatoka Nyamongo na makreti ya soda. Alisimama kweli, ila mtaroni. Nilichapwa, nikaambiwa ishara ile si mchezo, na haifanywi na mtu ambaye hana sababu.

Ndege iliyokuja mara nyingi ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye mstari wa bluu na mabawa yaliyokaa juu ya dirisha. Ilikuja kuhesabu wanyama wa hifadhini. Tata hakuielewa kazi hiyo. Alisema mwenye akili huhesabu ng'ombe wakitoka zizini mmoja mmoja, hawa wanahesabu nyumbu wakiwa mbioni, tena kutoka juu, na bado wanalipwa. Herufi za ubavuni mwa ndege zilimalizikia na G na M. Mimi niliamini, bila shaka yoyote, kwamba ni Ghati Mwita. Niliwaambia hata wenzangu darasani, na aliyebisha nilimpiga.

Basi mwaka huo, likizo ya Desemba, mvua zimeanza, ndege yangu ikaja. Ikatua vizuri, ikapunguza mwendo, na karibu na mwisho kabisa gurudumu la mbele likadumbukia kwenye shimo. Mhanga alikuwa amelichimba usiku huohuo, akitafuta mchwa, na nyasi zikalificha. Uma wa gurudumu ukapinda. Pangaboi la mbele lilinusurika kwa upana wa kiganja.

Rubani alikuwa kijana mrefu mwenye miwani ya jua, sote tulimwita Kapteni. Alishuka, akainama kuangalia gurudumu, kisha akamwangalia tata. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mzee Mwita," alisema, "hili nitasema ni bahati mbaya. Lakini kikitokea kingine chochote, chochote kile, kazi hii watampa mtu mwingine."

Tata aliitikia, "Sawa, Kapteni," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kapteni akafunga milango, akatoa mfukoni kitu kama soksi ndogo nyekundu, akakivisha kwenye kijibomba kilichochomoza chini ya bawa. Soksi ile ilikuwa na utepe mrefu mwekundu, wenye maandishi meupe ya Kiingereza, ukining'inia kupita kiwiko changu. Akapanda bodaboda kwenda Mugumu kutafuta namna ya kumleta fundi kutoka Mwanza. Ingechukua siku tatu.

Jioni ile tata alikata miiba akaizungushia ndege boma, kama lile la ndama. Fisi wa kwetu wanapenda mpira wa magurudumu kupita kiasi, sijui wanaona utamu gani. Mchana, kwa kuwa yeye alikuwa shambani kulima kabla mvua haijakata, mlinzi nilikuwa mimi. Alinikabidhi kwa maneno machache: nisiguse kitu, na mtu mwingine asiguse kitu.

Weee! Nilikaa kwenye kigoda mbele ya boma lile nikiwa na fimbo, nimenyoosha shingo. Watoto wa kijiji kizima walikuja, nami niliwapanga mstari. Waliruhusiwa kutazama. Aliyetaka kunusa ile harufu ya mafuta na mpira uliopigwa jua alinusa akiwa nyuma ya mwiba.

Shida ilikuja na dume letu. Liliitwa Sirari kwa sababu lilinunuliwa mnadani kule mpakani, na tabia zake zilikuwa za hukohuko: halikutambua mpaka wa mtu. Siku ya kwanza, saa nne hivi, upepo ulivuma na ule utepe mwekundu ukaanza kupepea, pa-pa-pa-pa, chini ya bawa. Sirari lilikuwa linakula majani na wenzake ng'ambo ya mawe ya chokaa. Likainua kichwa. Likaguna. Likaja linatembea taratibu kama mzee anayekwenda kudai haki yake, likafika kwenye miiba na kuanza kuisukuma kwa pembe.

Nililipiga fimbo ya pua, halikusikia. Nililitukana kwa Kikurya, kwa maneno ambayo mama hakujua kwamba nayajua. Boma likaanza kufunguka. Sasa pembe ya Sirari na bawa la ndege vilikuwa vimebakiza hatua mbili, na kichwani mwangu nasikia "chochote kile, chochote kile." Ndipo nikapita upande wa pili, nikatambaa chini ya miiba, na kuuvuta ule utepe. Soksi yote ikatoka. Nikaificha kifuani. Sirari likasimama, likatafuta adui wake, halikumwona. Likapumua kwa nguvu, likageuka kurudi kwenye majani.

Nilijiona nimeokoa ndege. Na kweli niliiokoa, hilo silikatai hata leo. Kosa langu ni lililofuata. Ningeirudisha soksi ile jioni ng'ombe wakishaondoka. Lakini ulikuwa utepe mwekundu, ndugu yangu, wa kitambaa kizito kinachong'aa, na Krismasi ilikuwa inakaribia. Niliufunga kichwani. Nikaenda nao kisimani. Wasichana wote, hata wale wakubwa, wakaniuliza nimeupata wapi, nami nikawajibu kwamba watu wa ndege wamenipa kwa kazi yangu nzuri. Siku ya pili nikaenda nao tena.

Siku hiyo ya pili ndipo nilipomwona nyigu. Nimekaa kwenye kigoda natafuna muwa, nikamwona anakuja na donge la tope miguuni, anazunguka chini ya bawa, anaingia kwenye kale kajibomba kasikokuwa na kifuniko. Akatoka. Akarudi na tope jingine. Kwetu nyigu wa namna hiyo wako kila mahali, wanajenga kwenye tundu la kufuli, kwenye redio, kwenye mpini wa jembe uliotoboka. Bibi alikuwa anasema nyumba anayojenga nyigu ni nyumba yenye amani. Nikafurahi, nikahesabu safari zake. Nilifika kumi na saba nikapitiwa na usingizi.

Asubuhi ya tatu nikasikia gari. Nilichomoka mbio, nikaivisha soksi mahali pake kabla vumbi halijatulia, nikakaa kwenye kigoda na fimbo yangu. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoachwa. Kapteni alizunguka ndege, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akampa tata mkono. Tata akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya shimo.

Na sasa nikuelezee fundi. Alikuwa mzee mfupi, Msukuma kutoka Mwanza, aliitwa Fundi Kulwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye askari?" Kijiji kizima kilikuwa kimemzunguka Kapteni na miwani yake, mimi macho yangu yakanasa kwenye sanduku la chuma la mzee yule. Alinawa mikono kwanza. Kabla ya kuigusa ndege! Tata mwenyewe hunawa hivyo kabla ya kula tu. Akatandika kitambaa, akapanga spana zake kutoka ndogo hadi kubwa, akazihesabu kwa sauti ya chini. Akafungua nati ya kwanza, akanusa grisi, akaguna kama anasikiliza mgonjwa. Moyo wangu ulikuwa unadunda kwa furaha ambayo sikuijua jina lake. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu anayefanya kazi hivyo, polepole namna ile, na bila hata dakika moja kupotea.

Alinifundisha bila kuniuliza kama nataka. Hiki ni hiki, kazi yake hii. Bawa limepinda juu hivi kwa sababu hii. Usukani wa nyuma unavutwa na waya huu. Niliuliza maswali mpaka Kapteni akasema, "Mtoto huyu hana breki." Gurudumu likapona. Spana zikahesabiwa tena, zikatimia. Fundi akafuta mikono, akanionyesha kwa kidole ile soksi nyekundu.

"Na hapa chini ndiko ndege inakopumulia," alisema. "Upepo unaingia kwenye kijibomba hiki, ndio unaomwambia rubani anakwenda kasi gani. Kikiziba, yuko angani na hajui mwendo wake. Akienda polepole mno bila kujua, ndege inaanguka. Ndiyo maana tunakivisha kofia, wadudu wasiingie."

Akaenda kufunga sanduku. Mimi nilibaki pale pale. Nikaanza kuhesabu upya zile safari kumi na saba.

Sasa nielewe vizuri, maana ndugu zangu wengine husema ningesema palepale. Ningesemaje? Tata alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu, anacheka. Kingine chochote. Nikisema, sare za shule zimekwisha, na kaptura ya tata itatoboka mpaka iishe. Nikanyamaza. Nikajiambia kwamba Kapteni ataona mwenyewe. Kapteni akaja, akavua soksi, akachungulia tundu kwa haraka, akatazama mawingu meusi yaliyokuwa yanapanda kutoka upande wa ziwa, akaingia ndani. Nyigu yule alikuwa amejenga ndani kabisa, huwezi kumwona kwa kuchungulia. Na Fundi Kulwa naye akapanda, kiti cha pembeni. Nilimuuliza tata kwa nini na fundi anakwenda. Tata akasema ndivyo kazi yao ilivyo: fundi akitengeneza ndege, yeye mwenyewe anapanda safari ya kwanza.

Injini ikawaka. Nyasi zikalala. Ndege ikageuka, ikaanza kwenda mwisho wa kiwanja ili ije kuruka, na dirishani nikamwona mzee yule ameninyooshea mkono wa kwaheri.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka miguu. Nilikimbia kuelekea katikati ya kiwanja, mbali, mahali pale pale anaposimama tata, nikageuka, nikainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kuipishanisha. Nilikuwa mdogo, nikaogopa hawataniona, nikaanza kurukaruka. Nyuma yangu nasikia tata anaita jina langu kwa sauti ya kutisha. Mbele yangu ndege imesimama mwisho wa kiwanja, inanguruma, haijaamua. Halafu pangaboi likapunguza kasi, nikaanza kuyaona mapanga yake moja moja, na kukawa kimya.

Wote walifika kwa pamoja: Kapteni amevua miwani, tata na fimbo yake ya ng'ombe, na fundi nyuma kwa mwendo wake uleule. Nilisema yote. Sirari, utepe, kisimani, nyigu na tope, safari kumi na saba. Nilisema huku nalia na makamasi yananitoka, na mwisho nikasema, "Tata hajui. Ni mimi. Msimfukuze tata."

Kapteni alimgeukia tata. "Mzee Mwita! Nilikwambia nini? Mtoto anachezea kifaa cha ndege, wewe uko wapi?" Tata aliishika fimbo yake kwa mikono miwili, na hadi leo sijui kama ni kwa hasira.

"Kapteni, subiri," alisema Fundi Kulwa.

Alirudi kwenye ndege, sisi tukamfuata. Akafungua kijibomba, akaingiza waya mwembamba, akakwangua taratibu juu ya kitambaa chake. Tope likatoka, kavu, kipande baada ya kipande. Halafu buibui wadogo, wale ambao nyigu huwaweka wawe chakula cha watoto wake, wengine bado wanachezesha miguu. Kapteni aliwatazama wale buibui muda mrefu. Hakusema neno lingine kuhusu tata.

Fundi akapuliza, akapima, akakirudisha kijibomba mahali pake. Kisha akafanya kitu kilichonivunja moyo: akaanza kuikagua ndege nzima upya, toka mkia mpaka pua, kila kitu, kana kwamba katika siku zile mbili nilikuwa nimeila. Alipomaliza akatoa kitabu kikubwa chenye jalada gumu, akakaa juu ya sanduku.

"Jina lako kamili?"

"Ghati Mwita," nikasema.

Akaandika. Aliandika sana, ukurasa karibu mzima, akinitazama kila baada ya mstari. Nami nilijua kinachoandikwa. Watu wa serikali wakiandika jina lako kwenye kitabu kikubwa, kinachofuata ni polisi. Akafunga kitabu, akasimama, akasema, "Haya, aliyetia mkono kwenye kazi anapanda. Huyu naye ni wetu," na akanibeba na kuniweka kiti cha nyuma.

Haki ya Mungu, nilidhani napelekwa mahabusu Mugumu! Nilimshika tata mkono kupitia mlangoni. Tata naye alikuwa amekauka uso. Aliuliza neno moja tu, "Atarudi?" Fundi akasema atarudi kabla chai haijapoa. Sasa wewe niambie, mtuhumiwa gani anarudi kabla ya chai? Lakini mtoto mwenye hofu hapimi maneno. Mlango ukafungwa, nikafungwa mkanda, nikafumba macho na kuanza kusali.

Ndege ikakimbia. Ikatikisika mpaka meno yakagongana. Halafu, ghafla, kutikisika kukaisha.

Nikafumbua macho. Ardhi ilikuwa imetuacha! Nyumba yetu ilikuwa pale chini, na ghala la mtama, na mama ameshika kiuno uwanjani. Nilimwona Sirari, mdogo kuliko mende, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwogopa. Nikaona njia ninayopita kwenda shule imepinda bure mahali ambapo ingenyooka. Nikaona vilima, mvua inayokuja imesimama wima kwa mbali, na upande wa pili mbuga haina mwisho, yenye madoa meusi yanayotembea. Nilisahau polisi. Nilisahau hata kulia. Nilipiga kelele, "Ni nyumbu! Wanahesabika! Tata, wanahesabika!" kana kwamba tata angenisikia. Mbele yangu sindano ya kuonyesha mwendo ilikuwa imesimama imara kwenye namba zake, na Fundi Kulwa aligonga kioo chake kwa ukucha, akanigeukia na kucheka kwa meno yote.

Tukatua palepale tulipotoka. Nikashushwa. Wakaondoka. Nilihitimisha kwamba polisi wa Mugumu siku hiyo hawakuwepo kazini, na kwamba watakuja wenyewe.

Tata hakunipiga. Alitembea na mimi hadi nyumbani, na mlangoni akaivunja ile fimbo, akaitupa jikoni kuwa kuni. Kwa mwaka mzima nilijificha ghalani kila Landrova ilipopita. Siku moja akaja bwana afya shuleni na kitabu, akasoma majina, akafika "Ghati Mwita." Nilitoka kwa dirisha. Wakanikamata kwenye shamba la mihogo, wakanirudisha, wakaninywesha dawa ya minyoo.

Mengine ni ya kawaida. Nilisoma hesabu na fizikia kwa hasira, kwa sababu mwalimu alisema ndizo zinazofungua njia ya kwenye ndege. Kwenye fomu kila mwenzangu aliyependa ndege alijaza rubani. Mimi nilijaza fundi, mwalimu akadhani nimekosea, akataka kunisahihishia. Nikaenda chuo, nikaja Mwanza, nikaajiriwa kwenye karakana ileile inayotunza zile ndege ndogo. Fundi Kulwa alikuwa ameshafariki, sikuwahi kumuuliza lolote. Wiki yangu ya kwanza nilishangaa jambo dogo: vifuniko vyetu vyekundu vilikuwa na tepe fupi, urefu wa kidole, zimeshonwa zisipepee. Kwenye picha za vitabu tulivyosoma chuoni ni ndefu. Niliuliza kwa nini. Wakaniambia, "Tulizikuta hivyo." Nikaacha.

Mwezi uliopita ililetwa ndege ya zamani iliyokuwa imeuzwa kwa watu wengine miaka mingi, sasa wanataka ikaguliwe upya. Nyeupe, mstari wa bluu umepauka. G na M. Nilisimama mlangoni mwa karakana nikiitazama. Ndege ikija hivyo huja na vitabu vyake vyote tangu ilipozaliwa, sanduku zima. Vijana walipokwenda kula, nikakaa chini na kuvifungua. Jalada gumu. Mwandiko wa taratibu. Kimeandikwa kwa Kiingereza, nakusomea kwa Kiswahili.

"Kasoro: bomba la kupimia mwendo limezibwa na kiota cha nyigu. Sababu: kifuniko kiliondolewa ili kuzuia ng'ombe dume asiharibu bawa, kwa kuwa utepe mrefu ulikuwa unamchokoza. Aliyegundua kasoro na kusimamisha ndege: Ghati Mwita, mlinzi. Kiwanja kinatunzwa vizuri. Ushauri: tepe zote zifupishwe na zishonwe kwa viwanja vilivyo karibu na mifugo."

Nilisoma mara tatu. Kisha nikainuka, nikaenda kwenye kabati, nikatoa vifuniko vyetu vyote vyekundu na kuvipanga mapajani, na tepe zake fupi, nikalia kwa sauti mpaka mlinzi wa geti akaja kuuliza nani kafa. Safu ile ya jina mimi mwenyewe naijaza kila wiki. Aliyegundua kasoro. Nawafundisha vijana kwamba ndiyo safu ya heshima kuliko zote, na kwamba mtu akisema "ni mimi niliyekosea" kazi zote zinasimama na anashukuriwa. Miaka yote hiyo nafundisha, na sikuwahi kufikiri kwamba yule mtoto wa makamasi aliandikwa humo.

Nikampigia tata simu. Amezeeka, kiwanja kile siku hizi anakilinda mdogo wangu. Nikamsomea neno kwa neno. 

"Kwa hiyo hakuniandika mimi," akasema.

"Alikuandika, tata. Alisema kiwanja kinatunzwa vizuri."

"Nilidhani ameniandika vibaya. Kila gari likipita nilikuwa nakamata jembe nakimbilia kiwanjani, wanikute nafukia mashimo." Akacheka, kicheko chake kikapasuka katikati. Kumbe tulikuwa tunajificha wawili, mimi ghalani, yeye kiwanjani, na bado siku nilipomwambia nataka kwenda kusomea ndege aliuza dume lake Sirari ili anilipie ada.

"Na Sirari?" akauliza baadaye. "Wamemwandika?"

"Wameandika ng'ombe dume."

"Hawakuweka jina?"

"Hawakuweka, tata."

"Sasa wewe si ndiye fundi?" akasema. "Kalamu unayo. Weka jina la ng'ombe wangu."